Mkunga wa Breki za Nyuma

Sumbawanga hii, kuanzia stendi mpaka Chanji, muulize mtu yeyote mwenye pikipiki ni nani anayejua breki. Atanitaja mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Niliacha shule nikiwa darasa la nne, nikaanza kuziba pancha chini ya mwavuli uliotoboka, na leo nina gereji yenye paa, mashine mbili za kusaga, na nyumba ya vigae ambavyo mgeni akivikanyaga na soksi anateleza mpaka jikoni. Wenye vyeti vya chuo wananiletea vyombo vyao niwafungie.

Lakini yupo mtu mmoja ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuniambia, hata kwa bahati mbaya, "Hapo umefanya vizuri." Ni bibi mmoja mfupi, mkunga mstaafu, jirani yangu. Mtaa mzima tunamwita Mkunga, na mimi hapa nitamwita hivyohivyo. Wakubwa wengi wamenipa mkono na kunisifu. Mimi nilikuwa nataka neno lake yeye.

Mkunga alikuwa na pikipiki ya magurudumu manne. Si bajaji, maana wengine wakisikia hivyo wanafikiri bajaji. Hii ni pikipiki kabisa, ina usukani wa pikipiki na kiti cha kupanda kama farasi, ila chini ina matairi manne manene yenye vifundo, inapita kwenye tope ambalo hata trekta linafikiria mara mbili. Mradi mmoja ulikuja, ukafunga virago, ukapiga mnada vitu vyake. Wastaafu wenzake walinunua mabati. Yeye alinunua lile dude jekundu, akapanda mbele ya watu wote akiwa na sketi yake ndefu na rozari shingoni, akaondoka nalo. Wanasema mnadishaji alibaki ameshika nyundo hewani.

Kazi yake ilikuwa kushuka nalo bondeni, Milepa na vijiji vya jirani, kuwaona wajawazito, kuwapima, na kuwagombeza waende zahanati mapema. Kustaafu kwake kulikuwa kwenye karatasi tu. Sasa asiyeijua ile njia nimweleze. Huku juu kwetu ni baridi, upepo, mahindi na ulezi. Halafu nchi inakatika. Unasimama ukingoni unaona bonde la Rukwa liko kule chini kabisa kama mtu amelidondosha, na barabara inashuka kwa kona, mawe na makorongo, huku joto linakupanda usoni kila kona. Hapo ukikosa breki za nyuma, unakamata breki ya mbele, nayo inakutupa juu ya usukani. Kwa hiyo pedi za breki za nyuma kwa Mkunga hazikuwa mapambo, na mteremko ule ulizila kama karanga. Alizibadilisha mwenyewe, nyumbani kwake, uani, kati ya kisima na banda la kuku.

Siku ya kwanza nilimkuta amechuchumaa hapo, nikaona huruma. Nikamwambia, "Shikamoo, Mama. Toka hapo, nikusaidie. Mimi ni fundi."

"Marahaba. Onyesha mikono."

Nikaonyesha. Mikono ya fundi, grisi ya wiki nzima.

"Kucha hizo unalimia? Nenda kanawe mpaka kwenye viwiko. Sabuni ile pale. Na wembe upo dirishani."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nilinawa, nikakata kucha, mwanaume mzima mwenye mke. Niliporudi nilikuta ametandika shuka jeupe chini, la wodini, limepigwa pasi, na juu yake spana zimepangwa kwa ukubwa, bisibisi, msasa, waya, na kibano cha kufungia mbao alichoazima kwa seremala na kusahau kukirudisha.

"Mama, hii ni breki, si uzazi."

"Tofauti ni nini?"

"Breki ni chuma."

"Mtoto akishikwa vibaya analia yeye. Breki ikishikwa vibaya tunalia sisi. Chuchumaa."

Basi hivi ndivyo alivyofanya miaka yote, sijawahi kuona mahali pengine. Kwanza alilegeza nati za gurudumu likiwa bado chini, maana ukinyanyua kwanza gurudumu linazunguka na wewe. Akaziba matairi ya mbele kwa mawe, akanyanyua nyuma kwa jeki na kusukumia chini magogo mawili ya mkaratusi. Kila kitu kilichotoka kililazwa juu ya shuka na kuhesabiwa kwa sauti, kama wanavyohesabu vifaa hospitali wasije wakasahau mkasi tumboni. Nati nne. Bolti mbili za kalipa, kile kidude kinachobana pedi kwenye diski, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Pini mbili. Pedi mbili. Na kibati kimoja chembamba kinachokaa mgongoni mwa pedi isicheze. Jumla kumi na moja. Kumi na moja vimetoka, kumi na moja virudi. Kalipa ikishafunguliwa aliining'iniza kwa waya, isije ikaning'inia kwa bomba lake la mafuta. "Ungependa wewe uning'inizwe kwa kitovu?" aliniuliza. Nilisema hapana.

Kilichoniua mbavu ni pistoni, kile kipande cha ndani ya kalipa kinachosukuma pedi. Pedi mpya ni nene, lazima pistoni isukumwe irudi ndani ndipo zienee. Mimi nilichukua kibano nikakaza kwa nguvu. Akanipiga kofi mkononi.

"Taratibu! Unamkimbiza nani?"

"Si inatakiwa kusukumwa?"

"Miaka yote nimewaambia watu sukuma, sukuma, kwa sababu mtoto anatoka. Huyu anarudi. Anayerudi hasukumwi hivyo. Fungua kifuniko cha mafuta apumue, halafu kaza kidogo, ngoja, kaza kidogo, ngoja." Akaanza kukibembeleza kile chuma kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, na mimi naapa pistoni iliingia laini kama inasikia.

Nilipomaliza kufunga nilijiona nimemaliza. Nikapanda, nikawasha, nikatoka getini kumwonyesha mwendo. Alikuwa anasema kitu nyuma, sikusubiri. Mwenye kujua breki ameshaelewa. Pistoni ikisharudishwa ndani, lazima ukanyage pedali ya breki mara kadhaa ukiwa umesimama, mpaka ikaze mguuni, ndipo uondoke. Mimi sikukanyaga hata mara moja. Nilikanyaga kwa mara ya kwanza kwenye uzio wa jirani, pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga ugali, nikapita uzio, nikapita kamba ya nguo, nikaingia kwenye mitungi ya pombe ya ulezi.

"Pombe yangu! Pombe ya kipaimara cha mwanangu!" Huyo ni jirani, mama mmoja mwenye kifua cha kwaya, sauti yake ilifika mpaka kijiji cha Mollo.

Mkunga alikuja akitembea, wala hakukimbia. Akanitazama nimekaa kwenye povu, shati limeloa, sidiria ya mtu imenikaa begani.

"Ulikanyaga mara ngapi kabla ya kuondoka?"

"Sikukanyaga, Mama."

"Haya. Umeumia?"

"Hapana."

"Basi mwombe radhi mwenye pombe, halafu urudi uhesabu nati."

Siku mbili nilimsaidia yule mama kusaga kimea na kuchota maji ili kipaimara kisikose pombe. Mpaka leo akinikuta gereji kwangu, mbele ya wateja wa maana, anavuta hewa puani na kusema, "Hm! Nasikia harufu ya ulezi."

Mkunga alikuwa na sheria moja ambayo iliwakimbiza mafundi wengine wote: anayemfungia breki ndiye anayeshuka naye mteremko safari ya kwanza. Ndiyo, unapanda nyuma, unashika chuma cha kubebea mizigo, mnakwenda. Fundi mmoja hodari alipoambiwa hivyo alikumbuka ana msiba. Mimi sikukumbuka msiba. Nilipanda. Nilisali rozari, matendo yote ya furaha, nikaingia ya uchungu, na tulipofika kona ya nne nilikuwa kwenye ya utukufu. Yeye mbele anaimba nyimbo za Pasaka, na ilikuwa Kwaresima.

Chini kabisa alisimama, akashuka, akalowesha kidole kwa mate, akagusa diski ya nyuma. Tsss. Akasikiliza kama anasikiliza tumbo la mama mjamzito. Nikasubiri sifa yangu.

"Inashika," akasema, akachukua mkoba wake.

Inashika! Hata gundi inashika! Nikamwambia, "Mama, si useme tu kwamba nimefanya vizuri?"

"Nikikusifu leo, kesho utakaza nati nusu ukifikiri sifa itamalizia."

Toka siku hiyo nikawa fundi wake. Tulifanya pamoja uani kwake kila pedi zilipoisha, na kila safari ya kwanza nilishuka naye. Kila mara kidole, kila mara tsss, kila mara "Inashika." Nilijenga nyumba, nikanunua mashine, nikapata kitambi cha heshima, watu wakaanza kuniita Bosi. Yeye akaniita Bosi pia, lakini alitamka kama mtu anayeita mbuzi. "Bosi, kucha."

Nisije nikamfanya malaika, hapana. Alikuwa na mambo. Aliwakataza wajawazito sukari nyingi, yeye chai yake vijiko vitano na kikombe anakilamba. Rozari haikutoka shingoni, lakini nati ikigoma kwa kutu alitoa maneno ya Kifipa ambayo mke wangu, Mfipa halisi, alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango. Barabarani alikwenda kasi mpaka mbuzi wakamfahamu, ila akifika kwenye mji wa mtu haraka yote inaisha: anachuchumaa, anapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi huku, anauliza habari za watu, za mvua, za mahindi, za ng'ombe, huku mimi nimesimama juani naiva. Siku moja mwanamke alikuwa na uchungu ndani ya nyumba, na yeye bado anapiga makofi kwa bibi wa mlangoni. Nikamnong'oneza, "Mama, mtu anajifungua!" Akanijibu bila kugeuka, "Najua, namsikia. Bado saa moja. Salamu ni dakika tano." Na kweli ilikuwa saa moja.

Na nyuma ya mtu hakukaa. Lifti za magari alikataa, basi alipanda kwa shida huku ananyoosha shingo amwone dereva anakanyaga wapi. "Mimi sibebwi na mguu nisioujua," alisema. Mguu wangu alikuwa anaujua vizuri sana, toka kwenye ile pombe.

Halafu kuna habari ya mluzi. Pedi zake za zamani zilikuwa zinapiga mluzi mkali ukikanyaga, na mimi nilipokamata kazi hiyo nilinunua pedi za maana, nikasugua diski kwa msasa, mluzi ukafa. Nilijisikia daktari. Tukashuka kimya kama paka. Kufika Milepa, mwanamke mmoja mwenye tumbo la miezi tisa akanijia kidole mbele.

"Wewe ndiye uliyemnyamazisha Mkunga?"

"Nimetengeneza breki, dada."

"Nani kakutuma? Sisi tukiusikia ule mluzi kwenye kona za juu tunabandika maji jikoni. Leo amefika, maji hakuna, mimi sijaoga, nyumba haijafagiwa!"

Wenzake wakanizunguka, wote wananidai kelele zao. Ndipo nilipofunga kengele ya baiskeli kwenye usukani. Kuanzia hapo Mkunga alipiga kengele kona zote, kring kring, kama muuza aiskrimu, na maji yakabandikwa.

Sasa nifike mwaka jana, baada ya mavuno.

Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na magoti yakikunjwa yanalia. Binti yake, mwalimu wa Mbeya, mtu mzima mwenye miwani, alikuja kumchukua akakae naye. Dude jekundu lilikuwa limeshapata mteja, mkulima wa Mollo, angekuja kesho yake. Mkunga alikubali yote, kwa sharti moja: kwanza ashuke Milepa akawaage. Binti akasema hapana. Mama haoni, breki zimekwisha, mteremko ule unaua. Walibishana siku nzima. Mwishowe binti akaja gereji kwangu mwenyewe.

"Baba, shikamoo yako nimekuja nayo, lakini nina neno. Mama amesema ukifunga wewe breki, na ukaendesha wewe, atakaa nyuma."

Niliangusha spana. "Amesema atakaa nyuma?"

"Ndivyo alivyosema. Ila mimi nitakuwa nimesimama hapo naangalia. Nikiona kitu sikielewi, haondoki."

Nilinawa mpaka viwiko. Kucha nilikata nyumbani kabla hata sijaambiwa. Shuka jeupe lilikuwa limetandikwa, Mkunga amekaa kwenye kigoda kando yake, mikono magotini. Nilifanya kazi hiyo kama naonyesha watu wa Dar es Salaam: nati, jeki, magogo, kalipa kwenye waya. Pedi za zamani zilikuwa zimeisha mpaka karibu na chuma, nikazirusha nyuma yangu kwa mbwembwe, zikaruka uzio zikaanguka kwenye shamba la mahindi yaliyovunwa. Pistoni nikairudisha kidogo, nikangoja, kidogo, nikangoja. Nikamwangalia. 

"Tayari kufunga, Mama."

"Hesabu."

"Mama, mimi ni fundi wa miaka..."

"Hesabu, Bosi."

Akainama, akapitisha vidole vyake juu ya shuka, maana macho hayakutosha. Akagusa kimoja kimoja, pamoja na pedi zangu mpya. "Kumi," akasema.

"Kumi na moja."

"Kumi."

Nikahesabu. Kumi. Kibati. Kile kibati chembamba kilikuwa kimegandia mgongoni mwa pedi ya zamani, na pedi ya zamani niliirusha kwa mbwembwe. Bila hicho pedi zingecheza kwenye kalipa, na sisi tunashuka mteremko. Binti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama," akasema, "unaona?"

Sikusubiri neno la pili. Nilipita juu ya uzio na kitambi changu cha heshima, nikatambaa kwenye mabua kwa mikono na magoti. Yule jirani wa pombe akatokea, lazima atokee.

"Bosi! Umepoteza nini?"

"Kibati!"

"Au kipaimara?"

Nilikipata chini ya bua, kimeng'ang'ania pedi kama kupe. Nikarudi, nikakibandua, nikakiosha, nikakilaza kwenye shuka. Mkunga akakigusa. "Kumi na moja," akasema. Binti akavuta pumzi, akatikisa kichwa, lakini hakusema hapana tena.

Nilifunga kila kitu mahali pake. Nikakanyaga pedali nikiwa nimesimama, mara moja, mbili, mpaka kumi, huku yule jirani anahesabu pamoja nami kwa sauti ya kwaya. Ikakaza.

Ndipo likaja suala la kukaa. Magoti yake hayakushika vizuri pembeni, na binti aliogopa ataanguka. Mkunga akavua kitenge chake begani. "Nifungeni," akasema. "Nimewafunga wenzangu mbeleko maisha yangu yote." Kwa hiyo nilikaa mbele, yeye nyuma, na binti yake akapitisha kitenge mgongoni kwa mama, akakizungusha kifuani kwangu, akafunga fundo la nguvu. Mwenye gereji, mwenye mashine mbili za kusaga, nimebeba bibi mgongoni. Mtaa wetu wote wa Chanji ulitoka nje.

"Hongera, Bosi! Umepata mtoto gani?" jirani akapiga kigelegele.

"Wa kike!" nikajibu. "Ana rozari tayari!" Nikasikia tumbo la Mkunga linatikisika mgongoni kwangu. Alikuwa anacheka. Hata hiyo sikuwahi kuipata kabla.

Tukaenda. Tulipofika ukingoni, bonde likafunguka kule chini, nikasubiri mikono yake inibane. Kila niliyewahi kumpakia kwenye ule mteremko ananibana mpaka nakosa pumzi. Kona ya kwanza, hakubana. Nikakanyaga, breki ikashika laini, tukakata. Kona ya pili, hakubana. Kwenye makorongo nikahisi kichwa chake kimelala katikati ya mabega yangu, kizito. Halafu nikasikia. Nikafikiri ni injini. Nikapunguza mafuta nisikilize.

Alikuwa anakoroma.

Mtu asiyekaa nyuma ya mtu! Mtu anayenyoosha shingo kwenye basi! Amelala kwenye mteremko wa bonde la Rukwa, kwenye breki zangu, anakoroma mpaka kola yangu inapepea. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusimama nimwite mpita njia yeyote, mchunga ng'ombe, hata nyani, nimwambie njoo uone. Na sikuweza, maana ningemwamsha. Hebu nifikirieni mimi, mdomo huu mnaoujua, nimeufunga kona zote mpaka chini. Sikukohoa. Wala kengele sikupiga.

Joto likapanda, vumbi la bondeni likaanza, nyumba za kwanza za Milepa zikaonekana. Hapo ikabidi. Kring, kring.

Akashtuka. "Kengele ya nini? Bado hatujaanza kushuka."

 Nilisimamisha, nikafungua fundo la kitenge, nikamshika mkono akashuka. Akakodoa macho yake yenye ukungu. Akahisi joto. Akageuza shingo polepole kutazama juu, ule ukuta wote wa mlima nyuma yetu.

Nikasimama kando ya gurudumu la nyuma, tayari kwa kidole chake cha mate. Wanawake walikuwa wameshaanza kutoka majumbani, wanafuta mikono kwenye kanga, wanapiga makofi ya salamu. Mkunga akatengeneza rozari yake, akapita mbele ya gurudumu bila kuinama, bila hata kuliangalia, akaenda kuchuchumaa kwa wenzake.

Nikabaki peke yangu na diski. Nikalowesha kidole changu mwenyewe, nikaigusa.

Tsss.